Tundu la Tatu

Pipa lilikuwa la mafuta ya alizeti,
lita mia mbili, mdomo mpana.
Tulilinunua Ngamiani kwa mtu aliyeapa
kwa kaburi la baba yake
kwamba halijapata kubeba lami wala dawa.
Mhina akaingiza kichwa chote, akalinusa.
Kisha akamwambia mkewe,
nami nimesimama hatua tatu tu kando yake:
"Mwambie mama ni safi."

Ndivyo ulivyo ukwe wetu.
Mkeka mmoja hatukai, sahani moja hatuli,
maneno yetu hupita kwa mwanangu Semeni
kama uzi kwenye tundu la sindano.
Lakini pipa lilitaka watu wawili,
mmoja wa kushika, mmoja wa kutoboa,
na Semeni alikuwa na mimba ya miezi minane.

Tulilichoma kwanza.
Makumbi na magogo ya mkorosho, mchana kutwa,
rangi ikavimba, ikababuka,
ikadondoka kama gamba la mjusi.
"Moto wa kwanza si wa kula," alisema, akiutazama ukuta.
Nikaujibu ukuta: "Najua."
Siku hiyo tulizungumza sana.

Matundu matatu, vidole vinne juu ya kitako,
kila moja na kilango chake cha bati jeusi.
Bati jeupe, la zinki, alilitupa uani kwa jirani:
likipata moto, moshi wake ni sumu.
La kwanza likatoka sawa. La pili sawa.
La tatu, niliinama kushikilia,
ncha ya kitenge changu ikamgusa mkono,
akaruka kama aliyekanyaga kaa.
Drili ikateleza.
Tundu likaenda upande, lina makengeza mpaka leo.
Hakuna aliyesema kitu.

Sasa wako Mtwara, mwaka wa nne huu,
nami nimebaki Makorora na pipa.
Waliosema pafukapo moshi pana moto
hawakuwahi kupika kwa hili:
hapa moto ukionekana, nimekosea.
Nataka moshi mwembamba, wa buluu,
ule mweupe mzito unachachusha nyama.
Kipimajoto sina. Naweka kiganja juu ya kifuniko,
nataja ndugu zangu mmoja mmoja, tuko saba.
Mkono ukinishinda kabla ya Hatibu, nafunga kilango.
Nikifika kwa Zubeda, kitinda mimba,
na bado nauona ubaridi, nafungua.
Mbavu za mbuzi zinataka saa tano.
Wateja wanataka dakika tano.
Wananuna, halafu wanarudi.

Jumamosi ni ya kulihudumia.
Majivu nayatoa yote, maana hewa yetu ina chumvi,
na majivu yakilowa hula chuma usiku watu wamelala.
Wavu naukwangua kwa kifuu,
nalipaka kwa nje mafuta ya mbuzi.
Weusi wa ndani siugusi, hilo ndilo koti lake.
Binti wa jirani, kwa wema wake,
aliwahi kulisugua kwa stilwaya likang'aa kama sufuria ya harusi.
Wiki mbili kuku wangu walikuwa na ladha ya misumari.

Mwezi uliopita kitako kikatoboka.
Semeni akapiga simu: Mhina anasema litupe, atatuma hela ya jipya.
Nikalikokota kwa fundi Shekiondo.
Akatia kiraka, akalizunguka, akacheka:
"Na hili lililopinda, nalo nizibe?
Nikutobolee lingine, lililonyooka?"
Nikamwambia aondoe mkono wake.
Upepo ukitokea upande wa reli
ni tundu hilo peke yake linaloweza kuupokea,
yale mawili yaliyonyooka yanapaliwa.

Usiku simu ikalia tena.
Nilidhani ni Semeni.
"Mama," ilisema sauti,
kisha ikanyamaza mpaka nikadhani mtandao umekatika.
"La tatu bado lipo?"

"Lipo."

Nikautazama ukuta.
Nadhani na yeye.